Kamba Hukatikia Pembamba: Historia ya Ufungaji wa Virusha Ishara vya Dharura katika Ndege Ndogo Zinazoundwa na Watu Binafsi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kirusha ishara cha dharura, yaani kifaa cha redio kinachojiwasha chenyewe ndege inapoanguka ili kuwaelekeza waokoaji mahali ilipo. Mkazo umewekwa kwenye ndege ndogo zinazoundwa na watu binafsi nchini Marekani, ambako sheria ya kulazimisha kifaa hicho ilipitishwa mwaka 1970. Hoja kuu ni kwamba sheria ilifanikiwa kukiingiza kifaa ndani ya ndege mapema, lakini ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa watunga kanuni kukubali kikamilifu kwamba uhai wa mnusurika hutegemea pia kishikilio, mkanda, kebo na antena. Kwa ndege iliyoundwa nyumbani, ambako muundaji ndiye mfungaji na mara nyingi ndiye mkaguzi, suala hilo huwa zito zaidi. Makala inahitimisha kwa kueleza mafunzo ambayo mamlaka za usafiri wa anga za Afrika Mashariki zinaweza kuyapata katika historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi ya sera, usalama wa usafiri wa anga hupimwa kwa kuhesabu vifaa. Huulizwa kama ndege ina redio, kama ina mikanda ya viti, kama ina kirusha ishara cha dharura. Jibu likiwa ndiyo, fomu hutiwa alama na ukaguzi huendelea. Utaratibu huo ni wa lazima, kwa kuwa kifaa kisichokuwepo hakiwezi kumsaidia mtu. Hata hivyo, historia ya kirusha ishara inaonyesha kuwa swali la kuwepo kwa kifaa ni mwanzo tu. Kifaa kilichomo ndani ya ndege kinaweza kushindwa kwa sababu kilichomoka mahali pake, kwa sababu kebo yake ilikatika, au kwa sababu antena yake ilivunjika paa lilipobondeka. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na katika mfumo huu pembamba mara nyingi pamekuwa mahali pa kufungia.

Ndege zinazoundwa na watu binafsi ni mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili. Katika ndege ya kiwandani, mahali pa kufungia kifaa huamuliwa na wahandisi na kuidhinishwa pamoja na muundo wa ndege yenyewe. Katika ndege iliyoundwa nyumbani, uamuzi huo humwangukia mtu mmoja katika karakana yake. Hivyo, kile ambacho kanuni imekisema wazi na kile ambacho imekiacha bila kukisema huonekana moja kwa moja katika kazi ya mikono ya muundaji.

2.0 Chimbuko la sheria, 1967–1973

Tarehe 11 Machi 1967, ndege ya injini moja aina ya Cessna 195 ilianguka katika milima ya Trinity, kaskazini mwa jimbo la California, ikiwa na watu watatu wa familia moja. Wote walinusurika kishindo cha kuanguka. Rubani aliondoka kwenda kutafuta msaada, asirudi. Mkewe na binti wa mkewe, aliyekuwa na umri wa miaka 16, walibaki kwenye mabaki ya ndege wakisubiri. Mabaki hayo yalipatikana mwezi Oktoba mwaka huohuo, na maandishi yaliyokutwa humo yalionyesha kwamba wawili hao waliishi kwa karibu majuma manane baada ya ajali. Hawakufa kwa kuanguka. Walikufa kwa kutopatikana.

Tukio hilo liliwagusa wananchi na wabunge wa Marekani, na lilikuja wakati ambapo teknolojia ya virusha ishara vidogo ilikuwa tayari ipo. Matokeo yake yalijitokeza katika sheria ambayo kwa jina haihusiani kabisa na ndege: Sheria ya Usalama na Afya Kazini, iliyotiwa saini tarehe 29 Desemba 1970. Kifungu chake cha 31 kilirekebisha sheria ya usafiri wa anga ya nchi hiyo na kuagiza ndege nyingi za kiraia zenye mabawa yasiyozunguka ziwe na kirusha ishara cha dharura. Ndege mpya zilipewa mwaka mmoja, na zilizokuwepo tayari zilipewa miaka mitatu.

Mara nyingi husimuliwa kwamba sheria hiyo ilizaliwa na kutoweka kwa Hale Boggs, kiongozi wa wabunge wa chama kilichokuwa na wingi katika Baraza la Wawakilishi, pamoja na Nick Begich, mbunge wa Alaska. Mfuatano wa tarehe hauungi mkono simulizi hilo. Boggs na Begich walitoweka tarehe 16 Oktoba 1972 wakisafiri kwa ndege aina ya Cessna 310 kutoka Anchorage kwenda Juneau, karibu miaka miwili baada ya sheria kutiwa saini. Wakati huo muda wa kutimiza sharti kwa ndege zilizokuwepo ulikuwa haujaisha. Utafutaji uliendelea kwa siku 39 na ndege haikuonekana kamwe.

Umuhimu wa tukio la 1972 katika historia hii uko mahali pengine. Taarifa ya Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani (NTSB) ilieleza kwamba kirusha ishara cha kubebeka cha rubani, ambacho kingekubalika badala ya kile cha kufungwa, kilipatikana Fairbanks ndani ya ndege. Kifaa kilikuwepo, na mwenyewe alikimiliki, ila hakikuwa safarini. Hapo ndipo tofauti kati ya kumiliki kifaa na kukifunga kwenye ndege inapoonekana kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za umma, ingawa mjadala wa wakati ule ulijikita zaidi katika kuharakisha uenezaji wa vifaa.

3.0 Muundaji wa ndege na nafasi yake katika kanuni

Wakati sheria hiyo inaanza kutekelezwa, utamaduni wa kuunda ndege nyumbani ulikuwa umekwisha kuota mizizi nchini Marekani. Chama cha waundaji ndege, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 huko Wisconsin chini ya uongozi wa Paul Poberezny. Katika miaka ya 1970 harakati hiyo ilipanuka kwa kasi. Richard VanGrunsven alirusha ndege yake ya RV-3 mwaka 1971 na kuanzisha kampuni ya vifurushi vya sehemu za ndege mwaka 1973; kufikia mwaka 2017, zaidi ya ndege 10,000 za miundo yake zilikuwa zimeruka. Burt Rutan naye alirusha VariEze mwaka 1975 na Long-EZ mwaka 1979, ndege za faibaglasi zenye bawa dogo mbele na injini nyuma.

Kanuni za Marekani huiweka ndege ya namna hii katika kundi la majaribio. Sharti kuu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na watu binafsi kwa ajili ya kujifunza au burudani. Muundaji anaweza kuomba cheti kinachomruhusu kufanya mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka wa ndege aliyoiunda. Kwa njia hiyo mtu mmoja hukusanya majukumu ambayo katika ndege ya kiwandani yamegawanywa kati ya msanifu, fundi na mkaguzi.

Sharti la kirusha ishara halikuziacha ndege hizi nje. Kanuni ya 91.207 inazihusu ndege za kiraia zilizosajiliwa Marekani, zikiwemo za kundi la majaribio, isipokuwa pale inapotaja msamaha. Misamaha miwili inawagusa waundaji moja kwa moja. Wa kwanza ni wa ndege iliyotengenezwa kubeba mtu mmoja tu. Wa pili ni wa safari zinazohusiana na usanifu na majaribio ya ndege. Hivyo ndege ya viti viwili inaweza kuruka bila kifaa katika safari zake za mwanzo za majaribio, lakini inapoanza safari za kawaida lazima iwe nacho. Kisheria msamaha huo unaeleweka, kwa kuwa safari za majaribio hufanyika karibu na uwanja. Kiutendaji, hata hivyo, humaanisha kwamba kifaa kinaweza kuwa kitu cha mwisho kufungwa, baada ya nafasi nzuri ndani ya mkia kuchukuliwa na vitu vingine.

4.0 Kishikilio, swichi, kebo na antena

Kanuni ya 91.207 inasema kifaa kifungwe kwa namna itakayopunguza uwezekano wa kuharibika wakati wa kuanguka, na kwamba kile cha kufungwa moja kwa moja kiwekwe nyuma kadiri inavyowezekana. Sababu ni rahisi. Ndege nyingi huanguka kwa kutanguliza pua. Pua na chumba cha rubani hubondeka, ilhali mkia aghalabu hubaki mzima. Kwa ndege za alumini zenye injini mbele, kama zile za VanGrunsven, agizo hilo linatekelezeka bila utata: kifaa huwekwa nyuma ya sehemu ya mizigo, mahali ambapo kiwiliwili cha ndege huanza kuwa chembamba.

Kwa ndege za Rutan maneno hayohayo yalileta fumbo. Nyuma kabisa ya Long-EZ kuna injini. Kulifuata agizo neno kwa neno kungekiweka kifaa karibu na joto, mafuta na chuma kizito. Kanuni ilikuwa imeandikwa ikiwa na taswira ya ndege ya kawaida akilini, na neno “inavyowezekana” ndilo lililobeba mzigo wote wa tofauti. Muundaji wa ndege ya namna hiyo alilazimika kuelewa kusudi la kanuni, yaani kutafuta sehemu imara isiyo kwenye njia ya mgongano, badala ya kutegemea maneno yake peke yake.

Baada ya mahali, linafuata suala la ugumu wa kishikilio. Ndani ya kifaa mna swichi inayohisi mabadiliko ya ghafla ya mwendo. Kiwango cha kwanza cha Marekani, kilichotolewa mwaka 1971 kwa jina TSO-C91, kilitaka swichi hiyo iwake kwa kishindo cha takriban mara tano ya nguvu ya mvutano wa dunia kwa muda wa milisekunde 11. Swichi haiwezi kupima kishindo ambacho hakijaifikia. Kishikilio kikipigiliwa kwenye bati jembamba linalonepa, bati hupinda, na kishindo hufika kwenye swichi kikiwa kimebadilika umbo. Bati hilohilo linaweza kutikisika wakati ndege inatua kwa nguvu na kuiwasha swichi bila ajali yoyote. Ndiyo maana mwongozo wa kiufundi uliweka kipimo ambacho fundi yeyote anaweza kukifanya kwa mikono: kishikilio kikivutwa kwa nguvu ya pauni 100, sawa na uzito wa kilo 45 hivi, kuelekea upande ule unaonepa zaidi, kisisogee zaidi ya sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita 2.5. Msogeo huo hupimwa kwa kulinganisha na sehemu nyingine ya ndege iliyo umbali wa kati ya futi moja na futi tatu.

Aidha, kifaa kina mshale unaoonyesha upande wa kuelekea. Mshale huo lazima uangalie uelekeo wa ndege inaporuka, kwa kuwa swichi ya ndege yenye mabawa yasiyozunguka husanifiwa kuhisi mgongano wa kutokea mbele. Kifaa kilichofungwa kwa kukingama, hata kama kishikilio chake ni imara kama mwamba, kinaweza kukaa kimya.

Kipengele cha mwisho ni antena na kebo yake. Antena ya fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi huhitaji sentimita 62 hivi kwa megahezi 121.5, na sentimita 18 na nusu kwa megahezi 406. Huhitaji pia uso wa metali chini yake ili iweze kurusha mawimbi ipasavyo. Ngozi ya alumini ya ndege huutoa uso huo bila gharama ya ziada. Faibaglasi haiutoi, hivyo muundaji hulazimika kulaza vipande vya metali ndani ya kiwiliwili cha ndege. Kwa upande mwingine, faibaglasi huyapitisha mawimbi, na kwa hiyo antena inaweza kufichwa ndani. Nyuzi za kaboni, ambazo zimeenea katika ndege za kisasa, huyazuia mawimbi, na antena iliyofichwa ndani yake ni sawa na taa iliyofunikwa kwa sufuria.

Hapa ndipo tamaa ya uzuri na ya kasi ilipokutana na usalama. Fimbo inayochomoza mgongoni mwa ndege huongeza ukinzani wa hewa na huharibu umbo ambalo muundaji amelihangaikia kwa miaka. Baadhi ya waundaji waliamua kuilaza antena chini ya kifuniko cha mkia. Antena iliyolazwa hurusha mawimbi yake vibaya, na ikiwa karibu na bati hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ndege hupendeza uwanjani, ilhali ishara hudhoofika siku inapohitajika.

5.0 Kutoka megahezi 121.5 hadi 406

Virusha ishara vya kizazi cha kwanza vilitumia megahezi 121.5, masafa ya dharura yanayosikilizwa na marubani na waongoza ndege. Vilitegemea bahati ya ndege nyingine kupita karibu. Mabadiliko makubwa yalikuja Marekani, Kanada, Ufaransa na Muungano wa Kisovyeti zilipokubaliana, katikati ya Vita Baridi, kuunda mfumo wa pamoja wa setilaiti ulioitwa Cospas-Sarsat. Setilaiti ya kwanza ilirushwa na Wasovyeti tarehe 30 Juni 1982. Mwezi Septemba mwaka huohuo, watu watatu wa ndege ndogo iliyoanguka katika jimbo la British Columbia, Kanada, waliokolewa kwa msaada wake.

Setilaiti ilipanua masikio ya waokoaji, na papo hapo ikaweka wazi udhaifu wa vifaa. Zaidi ya asilimia 90 ya ishara za megahezi 121.5 zilizopokewa zilikuwa za uongo, huku katika sehemu kubwa ya ajali za kweli vifaa vikishindwa kufanya kazi. Kiwango kipya, TSO-C91a, kilitolewa mwaka 1985, kikiwa na masharti makali zaidi kuhusu swichi, kishikilio na uwezo wa kuhimili ajali. Hata hivyo, vifaa vya kiwango cha zamani viliendelea kuruhusiwa katika ufungaji mpya hadi tarehe 21 Juni 1995. Kanuni iliyofuata iliagiza pia ukaguzi wa kila baada ya miezi 12, ukihusisha ufungaji, kutu ya betri, utendaji wa swichi na vidhibiti, na kuwepo kwa ishara ya kutosha kwenye antena. Kwa ndege iliyoundwa nyumbani, ukaguzi huo ungeweza kufanywa na yuleyule aliyefunga kifaa.

Vifaa vya megahezi 406 vilileta tofauti ya aina nyingine. Havirushi mlio usio na jina. Hurusha ujumbe wa kidijitali wenye namba ya utambulisho. Setilaiti huweza kuuhifadhi ujumbe huo na kuushusha baadaye, jambo ambalo halikuwezekana kwa megahezi 121.5, ambako setilaiti ililazimika kukiona kifaa na kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Kwa maeneo yaliyo mbali na vituo vya ardhini, tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno. Tarehe 1 Februari 2009 setilaiti ziliacha kabisa kusikiliza megahezi 121.5. Marekani haikuwalazimisha wenye ndege ndogo kuhamia megahezi 406, na kifaa cha zamani kilibaki halali kisheria ingawa hakuna setilaiti iliyokisikiliza tena. Kanada ilichukua njia tofauti, na mwaka 2020 ilirekebisha kanuni zake ili kulazimisha megahezi 406, ikiwapa wamiliki binafsi muda mrefu kuliko wa kibiashara.

Teknolojia mpya nayo ilikuja na sharti lake lililofichika. Kifaa cha kizazi cha kwanza cha megahezi 406 hurusha ujumbe mfupi kila baada ya sekunde 50 hivi, na ujumbe wa kwanza hutoka baada ya muda kama huo kupita tangu kiwashwe. Antena ikivunjika au moto ukiikata kebo ndani ya sekunde hizo, hakuna ujumbe utakaotoka. Ubora wa ufungaji ukawa muhimu kuliko wakati wowote uliotangulia.

6.0 Ushahidi wa ajali na wa majaribio

Tarehe 9 Agosti 2010, ndege aina ya DHC-3 Otter ilianguka karibu na Aleknagik, Alaska. Watu watano kati ya tisa walifariki, miongoni mwao Ted Stevens, aliyekuwa seneta wa jimbo hilo kwa miongo mingi. Ndege ilikuwa na kirusha ishara cha megahezi 406, na kishindo kilikiwasha. Lakini kifaa kilichomoka kwenye kishikilio chake na kutengana na antena, hivyo ishara yake haikumfikia mtu. Mabaki yaligunduliwa saa kadhaa baadaye na watu waliojitolea kutafuta kwa ndege, na manusura walilala usiku huo mlimani kabla ya kutolewa asubuhi. NTSB ilizitaka mamlaka zihakikishe kwamba namna ya kufunga na kushikilia vifaa hivi inakaguliwa upya.

Kiini cha tatizo kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Vifaa vingi vilishikiliwa na mkanda wa velkro, yaani kitambaa cha kunasa kama kile cha viatu vya watoto. Mkanda huo ni mwepesi, ni wa bei nafuu, na humrahisishia fundi kazi ya kukitoa kifaa wakati wa kubadilisha betri. Lakini hulegea kwa muda, huchafuka, na kubana kwake hutegemea mkono wa aliyeufunga. Mwaka 2012 kiwango cha Marekani cha vifaa vya megahezi 406 kilirekebishwa, na velkro ikaacha kukubalika kwa miundo mipya. Vifaa vilivyokuwa vimekwisha kufungwa havikuondolewa, na jukumu la kuvibadilishia mikanda likabaki kwa wenyewe.

Kanada ilipata somo linalofanana tarehe 31 Mei 2013, helikopta ya wagonjwa aina ya S-76 ilipoanguka Moosonee, Ontario, na kuua watu wanne. Kifaa kiliwaka, lakini antena ilikuwa imevunjika na mfumo wa setilaiti haukupokea chochote. Taarifa ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2016, ilitaka viwango vya kimataifa viimarishe uwezo wa mfumo mzima kuhimili ajali, pamoja na kufupisha muda wa kusubiri ujumbe wa kwanza.

Kati ya matukio hayo, NASA ilifanya majaribio ya wazi. Katika majira ya joto ya mwaka 2015 ndege tatu aina ya Cessna 172 ziliangushwa kutoka kwenye mnara wa chuma wa kituo cha Langley, Virginia, mnara uleule uliotumiwa kuwafunza wanaanga wa Apollo kutua mwezini. Moja iliangushwa kwenye zege na mbili kwenye udongo, kila moja ikiwa na virusha ishara kadhaa vilivyofungwa kwa namna tofauti. Mapendekezo yaliyotokana na kazi hiyo yalihusu mambo ambayo muundaji yeyote anayaweza: kebo iwe fupi, iachiwe ulegevu kidogo ili isikatike kiwiliwili kinapovutika, isivuke mahali ambapo ndege huelekea kukatika, na antena iwe karibu na kifaa chake.

Ushahidi huu wote unaelekea upande mmoja. Katika matukio ya 2010 na 2013 sheria ilikuwa imetimizwa kwa maana ya kuwepo kwa kifaa, kifaa kilikuwa cha kisasa, na swichi ilifanya kazi yake. Kilichokosekana kilikuwa mkanda imara na antena nzima. Ndege zote mbili zilikuwa za kiwandani, zikihudumiwa na mafundi wenye leseni. Kama pembamba hapo palipita machoni pa mafundi hao, muundaji binafsi asiye na mkaguzi wa pili anahitaji kanuni iliyo wazi zaidi, wala si hafifu zaidi.

7.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Nchi za Afrika Mashariki zimefungwa na viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambavyo tangu tarehe 1 Januari 2005 vinataka virusha ishara vifanye kazi kwa megahezi 406 na 121.5 kwa pamoja. Kwa hiyo kanda hii haihitaji kuurudia mjadala wa Marekani kuhusu masafa. Mazingira yake yanalipa jambo hili uzito. Ndege ya abiria iliyotoweka tarehe 5 Juni 2018 ikitoka Kitale kwenda Nairobi ilipatikana kwenye milima ya Aberdare tarehe 7 Juni, na watu wote 10 waliokuwemo walikuwa wamefariki. Haikuwa ndege iliyoundwa nyumbani, lakini inakumbusha jinsi msitu na ukungu wa nyanda za juu unavyoweza kuificha ndege hata karibu na miji mikubwa.

Mafunzo matatu yanajitokeza. La kwanza linahusu maneno ya kanuni. Kanuni inayosema “ndege iwe na kifaa” inapaswa kufuatwa na kipimo cha ufungaji kinachoweza kufanywa kwa mizani na rula, kama kile cha kilo 45 na milimita 2.5. Kipimo cha namna hiyo hakihitaji maabara, na mkaguzi anaweza kukirudia mbele ya mwenye ndege.

La pili linahusu jicho la pili. Pale ambapo muundaji anaruhusiwa kuihudumia ndege yake, ufungaji wa kirusha ishara ungestahili kuthibitishwa na mtu mwingine mwenye sifa angalau mara moja, kabla ya ndege kutoka katika kipindi cha majaribio. Wakala wa usalama wa usafiri wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (CASSOA), wenye makao yake Entebbe, una nafasi ya kuoanisha utaratibu huo, ili ndege iliyokubaliwa katika nchi moja isipimwe kwa kipimo tofauti katika nchi jirani.

La tatu linahusu namba ya utambulisho. Ujumbe wa megahezi 406 hubeba msimbo wa nchi: 634 kwa Kenya, 674 na 677 kwa Tanzania, 675 kwa Uganda, 661 kwa Rwanda, 609 kwa Burundi na 676 kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndege au kifurushi kilichonunuliwa nje kinaweza kuja na kifaa chenye msimbo wa nchi kilikotoka. Kisipopangwa upya na kusajiliwa, waokoaji wakitafuta jina na simu ya mwenye ndege watapelekwa kwenye rejista ya nchi nyingine, na dakika za thamani zitapotea katika kuuliza. Nchi isiyo na rejista yake inaweza kutumia rejista ya kimataifa ya Cospas-Sarsat, iliyoanza mwaka 2006. Kuhakiki msimbo huo wakati wa kusajili ndege ni kazi ndogo inayoweza kuongezwa kwenye fomu zilizopo.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ina hatua tatu. Kwanza, vifo vya watu waliosubiri bila kupatikana vilizaa sheria ya kulazimisha kifaa. Pili, setilaiti na masafa mapya yalikipa kifaa hicho uwezo ambao watunga sheria wa mwaka 1970 hawakuweza kuutarajia. Tatu, ajali na majaribio ya karne hii yalionyesha kwamba uwezo huo wote hupitia kwenye kishikilio, mkanda na kebo, vitu vya bei ndogo kuliko vyote katika mfumo. Hatua ya tatu ingeweza kuja mapema, kwa kuwa kanuni za mwanzo zilikwisha kutambua umuhimu wa mahali pa kufungia. Kilichochelewa kilikuwa kuutafsiri utambuzi huo kuwa vipimo na ukaguzi unaotekelezwa. Nchi zinazoandaa au kurekebisha kanuni za ndege ndogo na za kuundwa nyumbani zinaweza kuanza pale ambapo nyingine zilifika baada ya zaidi ya miaka 40, kwa kukagua kifungio kwa uzito uleule wanaokagulia kifaa.